Risasi ya kuaminika kwa bastola ndogo: kuchagua, kujaribu na kutunza kwenye hewa ya Mtwara na Lindi

Risasi ya kujilinda ina kazi mbili, na ya kwanza ndiyo husahaulika: iwake, na ipite kwenye bastola bila kukwama. Kazi ya pili, yaani kichwa chake kifanye nini kikifika kinakokwenda, ndiyo inayopigiwa debe kwenye maboksi na kubishaniwa vijiweni. Kwa mwenye bastola fupi anayeishi Mikindani, Kilwa au Lindi mjini, mpangilio ni ule ule wa mwanzo. Bastola fupi huchagua sana chakula, na hewa ya pwani hula shaba kimyakimya. Risasi ghali iliyokaa miezi minane kwenye droo ya chumba kinachopokea upepo wa bahari inaweza kuwa mbaya kuliko ya bei ya chini iliyohifadhiwa vizuri.

Mwongozo huu ni wa mwenye leseni. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, risasi zinafuata silaha iliyosajiliwa na mtu aliyesajiliwa nayo. Hazinunuliwi kwa jirani, haziazimwi, na hazitolewi zawadi. Kabla ya kulipia aina yoyote mpya, hasa ya kichwa chenye tundu, muulize muuzaji aliyeidhinishwa na ofisi ya polisi iliyotoa leseni yako kama aina hiyo na kiasi hicho vimo kwenye kibali chako. Jibu la mdomo la "haina shida" halitoshi. Iwe imeandikwa.

Kwanza soma mtutu, kisha soma boksi

Bastola nyingi ndogo hutumia moja ya risasi nne, na tatu kati yake huitwa "tisa". Hapo ndipo watu hukosea.

Ya kwanza ni 9x19, iliyobuniwa mwaka 1902. Kwenye boksi utaikuta kama 9 mm Luger, 9 mm Parabellum, 9 mm Para au 9 mm NATO. Hayo ni majina manne ya risasi yenye vipimo vile vile, ingawa ya NATO hujazwa kwa shinikizo la juu kidogo. Ya pili ni 9x17, ambayo pia huandikwa .380 Auto, 9 mm Kurz au 9 mm Browning Court. Ya tatu ni 9x18 Makarov, na kichwa chake ni kinene kidogo, milimita 9.27, wakati zile nyingine mbili zina milimita 9 na nukta chache. Ya nne ni 7.65 Browning, au .32 Auto, ya tangu 1899, ambayo bado imo kwenye bastola nyingi za zamani za Ulaya.

Kosa la hatari ni kutia 9x17 kwenye bastola ya 9x19. Inaingia. Mara nyingine inawaka. Lakini ganda lake ni fupi, hivyo linaelea ndani ya chemba (nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi), linaweza kupasuka, na slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele, haitarudi sawasawa. Kwa hiyo usitegemee neno "tisa" alilosema muuzaji. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, pale panapoonekana kupitia dirisha la kutolea maganda, kisha soma boksi, kisha soma kitako cha risasi yenyewe. Maandishi ya sehemu hizo tatu yakubaliane. Boksi lililofunguliwa usiliamini hata kidogo, kwa kuwa boksi husema lilichozaliwa nacho, si lilichobeba leo.

Ukikuta kitako kina alama ya msalaba ndani ya duara, hiyo ni risasi ya viwango vya NATO, na tarakimu mbili zilizo karibu kwa kawaida ni mwaka wa kutengenezwa. Risasi ya jeshi yenye umri mkubwa ina tatizo lake: baadhi ya fataki za zamani (fataki ni kile kidonge cha kitakoni kinachopigwa na pini ili kuwasha baruti) huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo hunyonya unyevu. Kwenye hewa ya Mtwara mtutu unaweza kuota kutu usiku mmoja, na mafuta peke yake hayaiondoi chumvi. Lazima maji ya moto kwanza, kukausha, kisha mafuta. Ni sababu tosha ya kuikataa kabisa kwa bastola ya kubeba, mbali na kwamba hujui iliko­toka.

Uzito wa kichwa na ufupi wa mtutu

Uzito wa kichwa huandikwa kwa greni. Kwa 9x19 utakutana na 115, 124 na 147, yaani takriban gramu 7.5, 8 na 9.5. Kwa 9x17 ni 90 au 95, karibu gramu 6.

Mtutu wa bastola ya Glock 26 una milimita 87, na wa Glock 19 una 102. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kila milimita 25 zinazopungua huondoa takriban mita 8 hadi 15 kwa sekunde kwenye mwendo wa risasi ya 9x19. Kwa risasi ya kichwa kizima hilo si jambo kubwa. Kwa risasi ya kichwa chenye tundu ni jambo kubwa, kwa kuwa tundu lile hufunguka kwa nguvu ya mwendo. Mwendo ukipungua, au tundu likijaa nyuzi za nguo, kichwa hakifunguki, na unabaki na risasi ya kawaida uliyoilipia bei ya juu.

Ndiyo maana viwanda hutengeneza risasi za mitutu mifupi. Speer ina Gold Dot ya namna hiyo, na Hornady hujaza tundu la Critical Defense kwa kizibo laini ili nguo isiingie. Kipimo kinachotumiwa na wengi kilitokana na FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, iliyobadilisha mtazamo wake baada ya maofisa wake kupambana kwa risasi na majambazi huko Miami, Aprili 1986: kichwa kiingie kwenye jeli maalumu ya majaribio kati ya sentimita 30 na 46, kisipungue na kisizidi. Ukiona boksi au kiwanda kinataja jeli na nguo nzito, hicho ndicho kinachozungumzwa. Kinachokuhusu ni matokeo ya mtutu wenye urefu kama wako. Namba iliyopatikana kwa mtutu wa milimita 125 haikuambii kitu kuhusu wa 87.

Kwa anayeanza, ushauri wetu ni greni 124, ya nguvu ya kawaida. Huo ndio uzito uliozoeleka kwa 9x19 tangu mwanzo, na bastola nyingi zimetegwa springi kwa kuufikiria. Greni 115 za bei ya chini wakati mwingine ni dhaifu, na bastola fupi yenye springi ngumu hushindwa kurudisha slaidi hadi mwisho. Greni 147 ni nzuri na husukuma polepole zaidi, ila ijaribu vizuri kwanza kwenye bastola nyepesi sana.

Alama ya +P maana yake ni shinikizo la juu. Kiwango cha Marekani cha 9x19 ya kawaida ni psi (paundi kwa inchi ya mraba) 35,000, na cha +P ni 38,500. Kwenye bastola ndogo faida yake ni mwendo kidogo zaidi. Hasara zake ni nyingi: mwali mkubwa wa moto usiku, mshtuko unaochelewesha risasi ya pili, slaidi inayorudi kwa kasi kuliko magazini inavyoweza kupandisha risasi inayofuata, na springi inayochoka mapema. Kama kitabu cha bastola hakisemi wazi kwamba inaruhusiwa, iache dukani.

Kichwa kizima au chenye tundu?

Kichwa kizima, chenye herufi FMJ kwenye boksi, kimefunikwa shaba hadi puani na kina duara laini. Hupanda chembani bila ugomvi karibu kwenye kila bastola. Ubaya wake ni kupenya: hupita kilicholengwa na kuendelea. Fikiria nyumba zetu zilivyo. Ukuta wa tofali la saruji ni kitu kimoja. Ukuta wa miti na udongo, dari ya plaiwudi, mlango wa mbao nyepesi au bati la jikoni la uani ni kitu kingine kabisa, na upande wa pili wanalala watu. Anayekaa kwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha Mtwara mjini anapaswa kulipima hili kabla hajapima kitu kingine chochote, na ajue kwamba hata kichwa chenye tundu kikikosa kilicholengwa kitapita plaiwudi kama karatasi.

Kichwa chenye tundu, herufi JHP, hupunguza kupita kiasi huko, lakini pua yake butu ndiyo hugonga mteremko wa chemba, pale risasi inapopandia kutoka kwenye magazini, na kukwama. Bastola za siku hizi zimechongwa kwa kuzingatia hilo. Za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980, nyingi hazikuchongwa hivyo. Usiruhusu fundi wa mtaani akung'arishie mteremko kwa jiwe au tupa ili zipande. Milimita moja iliyoondolewa pasipostahili inaliacha ganda bila msaada, na ganda lisilo na msaada hupasuka.

Kwa 7.65 Browning kuna mtego mwingine. Kitako cha risasi hii ni kipana kidogo kuliko mwili wake. Risasi ya tundu huwa fupi kuliko ya kichwa kizima, hivyo hupata nafasi ya kucheza mbele na nyuma ndani ya magazini, na kitako cha risasi ya juu huangukia nyuma ya kitako cha ile ya chini. Zikishikana hivyo hazitoki, na hakuna kupiga kofi magazini kutakakozitoa. Mwenye bastola ya namna hii abaki na kichwa kizima. Mwenye 9x17 yenye mtutu mfupi sana naye ana sababu ya kufanya hivyo: nishati yake ni ndogo, na kichwa kinachofunguka mapema husimama mapema.

Ukaguzi wa risasi moja moja

Hili ndilo tunalotaka ulifanye hata ukipuuza mengine yote. Boksi jipya la risasi 50 huchukua dakika 20. Kaa mchana penye mwanga, bastola ikiwa imefungiwa kwingine, kitambaa kikavu mezani, watoto nje. Shika risasi moja, maliza, weka, chukua nyingine.

1. Tazama kitako. Fataki ikae sawa na uso wa ganda au ndani kidogo tu. Pitisha ukucha: ukikwama kwenye fataki iliyochomoza, tenga. Iliyowekwa kichwa chini au iliyoinama, tenga. Yenye kutu ya kijani kuizunguka, tenga bila kujadiliana nayo.

2. Zungusha ganda kwenye mwanga. Unatafuta ufa mdomoni, mbonyeo na vishimo. Rangi iliyofifia kuwa kahawia ni uzee tu wa shaba. Kijani kinachofutika kwa kitambaa kikavu na kuacha uso laini kinavumilika kwa risasi ya mazoezi. Kijani kinachoacha shimo hakivumiliki. Madoa ya waridi kwenye shaba ya njano maana yake zinki imeshaliwa, na hapo ganda limekuwa dhaifu.

3. Shika kichwa kwa vidole na ujaribu kukizungusha. Kikizunguka, hakikubanwa. Kisha kandamiza pua kwenye ubao kwa nguvu ya kidole gumba, kitako kikiwa hewani bila kuguswa na kitu. Kikizama hata kidogo, tenga.

4. Simamisha risasi zote kwa vitako juu ya kioo au kigae na uzitazame kwa usawa wa jicho. Iliyo fupi au ndefu kuliko wenzake itajionyesha. Ukiwa na kaliperi, kikomo cha 9x19 ni milimita 29.69. Risasi za tundu huwa fupi kuliko hapo, na hilo ni sawa mradi zote zifanane.

5. Andika namba ya toleo iliyo kwenye boksi. Utakapokwenda kujaribu, unajaribu toleo hilo. Boksi lenye jina lile lile na toleo tofauti linastahili angalau jaribio fupi la magazini moja.

Kutikisa risasi sikioni ili kusikia baruti hakusaidii. Baruti nyingine hujaza ganda na nyingine hujaza nusu, na zote ni nzima.

Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua ganda lililopakwa nikeli, lile jeupe. Nikeli hustahimili jasho na chumvi kuliko shaba tupu, na ganda jeupe huonekana haraka chembani penye giza. Chagua pia risasi iliyozibwa kwa rangi au lakiri kuzunguka fataki na mdomo wa ganda: utaona mstari mwembamba mwekundu, wa zambarau au wa kijani. Ukijaribiwa na ganda la alumini kwa sababu ya bei, libaki la mazoezi, kwa kuwa halipendi kuingizwa chembani na kutolewa mara kwa mara.

Jaribio uwanjani

Risasi haijawa ya kuaminika mpaka ipite kwenye bastola yako, kwa magazini zako, ikiwa mikononi mwako. Hakuna jaribio la mtu mwingine linaloweza kusimama badala yake. Jaribu kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa tu. Shamba la mikorosho si uwanja hata kama ni lako na halina mtu, na risasi ya 9 mm inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Wengi wa kusini hulazimika kupanga safari kwa ajili hii, basi iwe moja na imalize kazi. Beba leseni, na uiarifu ofisi ya polisi kama masharti ya kibali chako yanavyotaka.

Kipimo kinachotajwa sana Marekani ni risasi 200 za kujilinda bila kukwama hata mara moja. Kwa bei za huku na viwango vya leseni, ni wachache wanaoweza. Njia inayowezekana ni kutumia risasi 100 za kichwa kizima zenye uzito ule ule, kisha 50 za aina utakayobeba. Za kichwa kizima zinaipima bastola, springi na mkono wako. Zile 50 ndizo zinaipima risasi.

Zigawe hivi. Magazini ya kwanza ijaze kabisa, ingiza risasi moja chembani, toa magazini, ongeza moja, rudisha, kisha piga yote. Hapo unapima hali ngumu kuliko zote, maana magazini iliyojaa husukuma risasi juu kwa nguvu na slaidi hukwaruza. Fanya hivyo hivyo kwa magazini ya pili. Halafu magazini moja kwa mkono wa kulia peke yake, na moja kwa wa kushoto, taratibu. Zinazobaki zipige bastola ikiwa chafu, bila kuifuta. Weka alama kwenye magazini, 1 na 2, kwa kalamu ya rangi. Bila alama hutajua ikiwa lawama ni ya risasi au ya mdomo wa magazini uliopinda.

Kikwazo kimoja kati ya 50 kinadai maelezo. Viwili vya aina moja vinatosha kuikataa risasi hiyo.

Pua imegonga mteremko na kusimama: umbo la kichwa halipatani na bastola, au springi ya magazini imechoka. Rudia kwa magazini nyingine. Kikijirudia, tatizo ni risasi. Ganda limesimama dirishani kama bomba la moshi: risasi dhaifu, kucha ya kuvuta ganda ni chafu, au kifundo cha mkono kimelegea. Hili la mwisho ni la kawaida sana kwenye bastola nyepesi, na watu hubadilisha risasi mara tatu kabla ya kukubali kwamba ni mkono. Mpe mtu mwenye mshiko mgumu apige magazini moja, na jibu litajitokeza. Slaidi haikubaki nyuma baada ya risasi ya mwisho: huenda risasi ni dhaifu, lakini tazama kwanza kama kidole gumba hakikalii kitufe cha kuizuia. Slaidi imesimama milimita mbili kabla ya kufunga: uchafu chembani, au risasi ndefu au nene kupita kipimo. Usiipige ngumi ifunge. Itoe, iweke pembeni, ipime.

Fataki ina alama ya pini lakini haikuwaka: bastola ibaki imeelekea kwenye shabaha kwa sekunde 30 kamili, maana kuna risasi zinazochelewa kuwaka. Kisha itoe. Alama ikiwa nyepesi, chunguza pini na springi yake kabla ya kuilaumu risasi. Ikiwa ya kina na sawasawa, fataki ilikuwa imekufa, na unyevu au mafuta ndiyo washukiwa wa kwanza.

Na sauti dhaifu, ya "puf" badala ya mlio: simama. Usipige tena kwa sababu yoyote. Huenda kichwa kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Toa magazini, toa kilichomo chembani, vua mtutu, utazame ukipitisha mwanga. Ukiona giza, ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa, na boksi zima halibebwi tena.

Chumvi, jasho, salfa na samadi

Sasa tuje kwenye kinachoharibu risasi nyingi huku kuliko makosa ya kiwandani.

Hewa ya pwani yetu hubeba unyevu unaopita asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na chumvi juu yake. Newala na vilima vya Makonde wana nafuu ya baridi, lakini ukungu wa asubuhi wanao. Hifadhi risasi kwenye maboksi yake, ndani ya kopo la chuma au plastiki ngumu lenye mpira wa kuziba, pamoja na pakiti za silika. Kwa kopo la lita 10, gramu 100 za silika zinatosha. Nunua ile inayobadilika rangi: ya chungwa ikigeuka kijani kibichi au ya buluu ikigeuka waridi, imeshiba. Ya punje ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi joto 120 saa mbili hadi tatu, uirudishe. Mchele wa kukausha simu hauwezi kazi hii. Ni wa kuliwa. Funga kopo wakati wa kiangazi, mchana, si jioni ya masika mvua ikinyesha, la sivyo unafungia unyevu ndani. Kopo nalo likae kwenye sefu au kabati la kufuli, juu ya sakafu, mbali na ukuta wa nje.

Wenye korosho wana adui wa ziada. Salfa ya unga inayopulizwa mikorosho dhidi ya ubwiri unga, kuanzia Juni hivi, huchafua shaba na kuifanya nyeusi, na kwenye unyevu hula. Usiweke risasi kwenye stoo yenye mifuko ya salfa hata kwa wiki moja. Usiibebe bastola ukiwa unapuliza, na kama ulilazimika, badilisha risasi zilizokuwemo.

Samadi na urea ni hatari ya aina nyingine. Jeshi la Waingereza huko India lilishangaa karne ya 19 kuona maganda ya shaba yakipasuka yenyewe kila masika, bila kupigwa. Risasi zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mazizi ya farasi, na amonia ya mkojo pamoja na unyevu ndivyo vilivyokuwa vikiipasua shaba iliyobanwa. Banda la kuku nyuma ya nyumba lina amonia hiyo hiyo. Zipo pia dawa za kung'arishia shaba zenye amonia, kwa hiyo risasi haing'arishwi kwa dawa. Kitambaa kikavu kinatosha.

Wala haipakwi mafuta. Si ya cherehani, si ya nazi, si ya kulegeza nati zilizoshika kutu. Mafuta mepesi hupenya ukingo wa fataki na kuiua, na hutaona chochote kwa nje. Ukisafisha bastola, futa chemba na uso wa nyuma hadi vikauke kabla ya kurudisha risasi.

Joto nalo. Gari lililofungwa kwenye jua la bandarini hupita nyuzi 60 ndani, na baruti inayopikwa hivyo kila siku huzeeka upesi. Hilo mbali na kwamba silaha ndani ya gari ni silaha ya mwizi. Kiyoyozi nacho kina hila yake: risasi ikitoka kwenye chumba baridi kuingia hewa ya nje hutoa jasho kama chupa ya soda. Anayelala kwenye kiyoyozi aifute bastola na magazini asubuhi.

Risasi iliyomo kwenye bastola

Anayebeba kiunoni anabeba ndani ya jasho. Mara moja kwa wiki toa magazini na risasi ya chembani, zifute, zitazame fataki. Magazini ifunguliwe na kufutwa vumbi la pamba na mchanga kila mwezi. Huo mchanga mweupe wa pwani huingia kila mahali.

Kosa linalofanywa na watu makini hasa ni hili. Kila jioni hutoa risasi ya chembani, kila asubuhi huirudisha ile ile. Kila inapopandishwa, pua hugonga mteremko, na kichwa husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo hupanda, na kwenye ganda dogo la 9x19 hupanda haraka. Fataki nayo huchoshwa na mtikisiko. Kwa hiyo risasi ikiingizwa chembani mara mbili, ipeleke kwenye kundi la mazoezi na uanze na nyingine. Weka risasi moja mpya ya toleo lile lile kando kama kipimo, simamisha hizo mbili sambamba: ikipungua robo ya milimita, haipigwi kabisa, hata mazoezini. Na usiitoe bila sababu. Kadiri inavyotulia, ndivyo inavyodumu.

Mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua za Desemba, piga uwanjani zote ulizokuwa umebeba na uanze na mpya kutoka kwenye kopo. Ni risasi kumi hadi ishirini, na zinakuambia pia utunzaji wako umekuwaje. Zikiwaka zote, endelea hivyo. Isipowaka moja, usiilaumu boksi kabla hujakagua kopo, mkoba wa kubebea na mafuta unayotumia.

Ulizozitenga kwenye ukaguzi usizichanganye na nzima. Ziweke kwenye chupa ya plastiki iliyoandikwa "MBOVU" kwa wino mwekundu, zihesabiwe, na uzikabidhi polisi pamoja na maandishi ya idadi, ili hesabu ya leseni yako ilingane. Usizifukie shambani. Shamba litafyekwa, majani yatachomwa, na ganda linalopasuka motoni hurusha vipande vya shaba machoni mwa anayepalilia.